Mechi ya dakika tano

Usiku wa manane, vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi huingia kazini kwa jina la kucheza. Skrini ya laivu ya TikTok imegawanywa: huku mwenyewe, kule mpinzani, juu mstari wa pointi na saa inayohesabu dakika tano. "Gusa skrini jamani, tunapigwa!" Shabiki mmoja anarusha zawadi ya waridi la sarafu moja, mwingine simba wa maelfu. Aliyeshindwa hupakwa unga usoni, watu wakacheka.

Hatuna ugomvi na mchezo. Ugomvi wetu ni na hesabu. Shilingi ya shabiki hugeuzwa sarafu, zawadi ikawa almasi, na almasi ndizo hurudi kuwa fedha. Katika mzunguko huo, nani kakata ngapi? Mwaka 2022 BBC ilifuatilia zawadi walizotumiwa wakimbizi wa ndani wa Syria waliokuwa wakiomba msaada laivu, ikakuta hadi asilimia 70 inabaki njiani. TikTok ilijibu kuwa makato yake ni madogo zaidi ya hapo, ila kiasi chenyewe haikukitaja. Mchuuzi wa sokoni asingekubali dalali wa namna hiyo.

Mamlaka zetu ni hodari wa kukemea mavazi na matusi ya mitandaoni, risiti haziziulizi. Ziibane kampuni iandike kwa shilingi, kando ya kila zawadi, alichotoa shabiki na kitakachomfikia aliyekesha.