Sarafu Mbili, Rangi Mbili

Leo twapenda kusema nanyi habari ya mchezo wa sarafu: ule ambao sarafu iliyofumbatwa katika mkono wa kuume yaonekana baadaye katika mkono wa kushoto, na ile ya kushoto imehamia kuume. Ni mchezo wa jioni, wakati baridi ya milima ya Masisi imewakusanya jamaa karibu na moto, au mvua ya msitu wa Walikale imewafungia nyumbani. Hautaki gharama. Wataka mikono iliyozoezwa, na sarafu mbili zilizochaguliwa kwa akili. Katika kuchagua huko mna fundisho ambalo wazazi wasilidharau.

Kanuni ni hii: sarafu zilingane upana, lakini rangi zake zitofautiane kabisa. Zikilingana upana, ngumi iliyofumbwa haionyeshi imeshika ipi. Zikitofautiana rangi, kila mtazamaji, hata mtoto asiyejua bado kusoma tarakimu, hutambua mara moja ipi imetoka na ipi imeingia. Wastadi wa Ulaya na Marekani wamependa kutumia nusu dola ya Marekani, nyeupe, yenye upana wa milimita 30.6, pamoja na peni ya kale ya Uingereza, yenye wekundu wa shaba na upana wa milimita 30.8. Peni hiyo iliondolewa sokoni mwaka 1971, lakini wastadi hawakuiacha. Tena ukingo wa nusu dola una mikato midogo midogo, na ukingo wa peni ni laini. Hivyo kidole huzitambua pasipo msaada wa jicho. Peni ile ni shaba iliyochanganywa na bati kidogo. Nanyi watu wa Walikale mwajua bati hutoka katika jiwe gani: ni kasiterite, kama ile ichimbwayo Bisie.

Sisi Wakongo tutapata wapi sarafu? Faranga yetu iliyoanza mwaka 1998 hutumika kwa noti, na kwa hiyo watoto wengi hawakuzoea kushika fedha ya madini. Lakini ombeni ruhusa mtazame katika makopo ya wazee. Pengine mtaona faranga tano za mwaka 1947, za shaba ya njano, zenye picha ya tembo. Au faranga za alumini zilizopigwa kati ya mwaka 1954 na 1960, nyeupe na nyepesi. Ziwekeni moja juu ya nyingine, mkatafute zinazokaribiana upana. Ila mjue kwamba alumini ni nyepesi mno, na mlio wake si mlio wa shaba; mwenye kuitumia asiiangushe juu ya sahani, sauti isije ikamsaliti. Mwenye jamaa afanyaye biashara na Uganda aweza kupata shilingi 500, ya njano, yenye kichwa cha korongo, na shilingi 200, nyeupe, yenye samaki. Hizo hukaribiana vya kutosha.

Kisha zijaribuni usiku. Mwanga wa moto na wa taa hufanya vyeupe kuwa vya njano. Ziwekeni chini, mrudi nyuma hatua tatu. Jicho likisitasita, tafuteni nyingine. Shaba iliyofanya weusi hung'aa tena kwa limau na chumvi. Lakini sarafu ya kale sana, kama zile zenye tundu katikati za mwaka 1887, msiisugue, maana wakusanyaji huithamini katika rangi yake ya uzee.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Katika nchi yetu watoto wamefukuzwa nyumbani, wamepigwa na kuteswa, kwa sababu tu mtu alisema ni wachawi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi na kuagiza aadhibiwe atendaye hivyo. Hata hivyo neno moja la jirani mwenye hofu laweza kufika mbali kabla ya sheria kufika. Basi mtoto atakayegeuza sarafu mbele ya watu, je, aachwe hivi hivi?

Mtakatifu Yohane Bosco, aliyezaliwa Italia mwaka 1815, aliujua mtihani huo. Alipokuwa mtoto aliwachezea majirani michezo ya mikono na ya kamba, akitaka malipo ya sala. Baadaye, akiwa mwanafunzi mjini Chieri, watu walinong'ona kwamba atumia nguvu za shetani, na kanoni mmoja akamwita amhoji. Kanoni akatafuta saa yake, haipo. Akatafuta mfuko wake wa fedha, haupo. Ndipo kijana akamweleza wazi jinsi alivyovichukua vitu hivyo vilipowekwa kando, akavificha chini ya kifuniko cha taa. Kanoni akacheka sana, akamwagiza awaambie rafiki zake kwamba kutojua ndiko kuzaako mastaajabu. Kilichomwokoa Bosco si wepesi wa vidole. Ni kwamba alikubali kueleza.

Kwa hiyo twawashauri hivi. Mtoto aseme kabla ya kuanza: "Huu ni ujanja wa mikono." Acheze mbele ya wazazi wake, asicheze njiani wala kwa wageni. Asichukue fedha ya mtazamaji. Na mtu mzima akiogopa, aonyeshwe siri mara moja, hata kama mchezo utaharibika; mchezo hutengenezwa tena, jina la mtoto si rahisi.

Angalieni pia neno hili. Laghai wa karata tatu sokoni hutaka karata zote zifanane mgongo, ili jicho lako lipotee na fedha yako ipotee nalo. Mchezaji mwema huchagua sarafu zisizofanana, ili watu wote waone. Mtoto aliyejifunza nyumbani jinsi jicho linavyodanganywa hatampa fedha yake mtu aahidiye kuizidisha mara mbili kwa dawa. Tena hatakuwa mwepesi kumwita mwenzake mchawi.