Jicho la mama si komeo



 Katika nyumba zetu nyingi za mijini, hasa zile zenye ghorofa, hukosekani mlango mdogo chini ya ngazi. Nyuma ya kilango hicho familia huhifadhi kila kisichotakiwa kuonekana na mgeni: gunia la mkaa, galoni la mafuta ya taa, dawa ya kusafishia choo, sumu ya panya, msumeno na misumari, na pengine pampu ya maji pamoja na nyaya zake. Nyumba isiyo na ngazi nayo ina kabati la chini ya sinki, au kidirisha cha mbao cha kufikia mabomba. Mlango mkuu tunautia kitasa na makomeo mawili kwa kumhofia mwizi. Hiki kidogo tunakiachia msumari uliopindwa, ilhali ndicho chenye kimo cha mtoto.

Yakitokea ya kutokea, swali la kwanza huwa ni moja: mama yake alikuwa wapi? Alikuwa akipika, akinyonyesha, akisali Adhuhuri, au amelala kwa uchovu wa kukesha na mgonjwa. Hakuna binadamu awezaye kumtazama mtoto wa miaka miwili kutoka alfajiri hadi Isha bila ya kupepesa. Mwenye nyumba anayetegemea macho ya mkewe badala ya kumwita seremala amemtwika mkewe mzigo usiobebeka, kisha akajiwekea mtu wa kumlaumu.

Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Umar (R.A.) juu ya uchungaji, Mtume (S.A.W.) alimtaja mwanamume kuwa ni mchunga wa watu wa nyumba yake, na mwanamke kuwa ni mchunga katika nyumba ya mumewe na watoto wake, na kwamba kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Wachunga ni wawili, na kila mmoja ana masuulia yake. Baba hataweza kujibu kwa kumwonyesha kidole mama.

Na katika hadithi ya Jabir bin Abdullah (R.A.), iliyomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, yameagizwa mambo ya usiku: watoto wazuiliwe ndani giza linapoingia, milango ifungwe kwa kutaja jina la Allah, vyombo vifunikwe na taa zizimwe. Katika baadhi ya mapokezi ametajwa panya anayeweza kuuburura utambi akawaunguza watu wa nyumba. Tazama jinsi mtoto, mlango, chombo na moto vilivyokusanywa mahali pamoja. Vilevile tazama kwamba aliyeamrishwa kutaja jina la Allah ameamrishwa pia kuufunga mlango kwa mkono wake. Hiyo ndiyo tawakkul: sababu ifanywe, na matokeo aachiwe Mola.

Basi sababu zenyewe ni zipi?

Kwanza ni kupunguza kilichomo ndani, kwa kuwa hakuna komeo lisilosahauliwa hata siku moja. Mafuta ya taa na dawa za maji zisitiwe kamwe katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto hasomi maandishi. Anaijua chupa kwa umbo lake, na amekwisha kuizoea kuwa ni ya kinywaji. Ziachwe katika vyombo vyake vya asili, ziwekwe rafu ya juu kabisa. Mtungi wa gesi usifungiwe humo: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, na chumba kidogo kisicho na tundu la hewa huigeuza kuwa hatari kwa nyumba nzima. Ndoo isiachwe na maji, kwani mtoto mchanga anayetambaa huweza kuzama katika maji ya kina cha vidole vichache. Na friji bovu lililohifadhiwa humo ling'olewe mlango wake leo hii. Watoto hujificha ndani yake wakicheza, mlango ukajifunga, na wakakosa pumzi pasi na yeyote kuwasikia.

Pili ni komeo lenyewe. Kwa mlango wa kawaida jambo ni jepesi: komeo huwekwa juu, usawa wa macho ya mtu mzima. Taabu ya kilango ni kwamba chenyewe ni kifupi. Mtoto wa miaka minne ana kimo cha karibu mita 1, na akinyoosha mkono, au akasogeza kigoda, hakuna sehemu ya kilango hicho asiyoifikia. Kwa hiyo urefu hautoshi. Inatakiwa njia ya kufunga ambayo mtoto hawezi kuitengua. Iliyo rahisi ni komeo la kutia kufuli, na ufunguo utundikwe juu ya msumari mmoja ambao kila mtu mzima wa nyumba anaujua. Asiyependa kufuli atumie makomeo mawili, moja juu na moja chini, ili mkono mmoja mdogo usitoshe. Sumaku ya kabati haitoshi. Kazi yake ni kuuzuia mlango usijifungue, na mtoto akiuvuta kwa nguvu utamtii.

Mwambie fundi atumie skrubu ndefu zinazoshika mbao za fremu, si misumari. Kama ni kabati la ubao wa maranda, skrubu hulegea upesi. Bora bolti zinazopenya na kukazwa nati upande wa pili. Bawaba za springi, zinazourudisha mlango wenyewe, zinafaa sana kwa nyumba yenye watu wengi, lakini achague zisizo kali zikambana mtoto vidole. Kazi yote ni ya saa chache.

Tatu, komeo la nje lina hatari yake: linaweza kumfungia mtoto ndani. Mtu mzima anayefunga kwa haraka hajui kuwa mdogo ameingia nyuma yake. Kwa ajili hiyo kila kilango kitobolewe matundu ya hewa, juu na chini, na iwe ni kanuni ya nyumba kwamba hakifungwi mpaka aliyekifungua ainame, atazame ndani na aite. Kanuni hiyo aijue baba, aijue bibi, na aijue dada anayesaidia kazi. Ijulikane zaidi katika siku za harakati: jioni za Ramadhani wakati futari inaandaliwa na kila mtu anaingia stoo na kutoka, na siku za Idi nyumba inapojaa binamu ambao hawaijui.

Nne ni adabu. Sura ya An-Nur, aya ya 58, imewafunza hata watoto ambao hawajabaleghe kuomba idhini nyakati tatu za faragha. Ikiwa mtoto anaweza kufundishwa kubisha hodi katika chumba cha wazazi wake, anaweza pia kufundishwa kwamba kuna mlango asioufungua bila ya ruhusa. Fundisho hilo linamfaa aliyekwisha kupambanua. Aliye chini ya umri huo hafundishwi kwa kiboko; anawekewa komeo.

Na ikiwa mtoto amekunywa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia, asitapishwe. Mafuta yakipanda tena huingia mapafuni, na dawa kali huunguza koo mara ya pili. Awahishwe hospitali pamoja na chupa aliyoinywea, ili daktari ajue anatibu nini. Hapo si wakati wa kuulizana nani aliacha wazi.

Baba unayesoma haya, usingoje mwisho wa mwezi. Baada ya sala ya Ijumaa piga magoti mbele ya kilango cha nyumbani kwako, uwe na kimo cha mwanao, kisha jaribu kukifungua kwa kidole kimoja. Kikifunguka, umekwisha kuijua kazi yako ya Jumamosi, na mama wa watoto wako atapata kusali sala yake kwa utulivu.

Tunamwomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu, azifanye nyumba zetu kuwa makazi ya amani, na atuwezeshe kuitekeleza amana aliyotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.