Hotuba Mbili za Profesa wa Ihithe

Aghalabu husikika katika mabaraza ya Nyeri, na ya Karatina kadhalika, ya kuwa mtaalamu akitoka katika fani yake akaingia katika mambo ya utawala na siha ya umma huwa amevuka mpaka, na ya kuwa mwenye kusomea wanyama hana haki ya kuwafundisha watu ulaji wala siasa. Rai hiyo naikataa, na hoja yangu ni Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, akasomeshwa na masista wa Mathari kabla ya kwenda Limuru na Marekani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Walakini naikataa pia rai ya upande wa pili, ambayo siku hizi ina wafuasi wengi zaidi huku kwetu mlimani, ya kuwa mtu akishapata sifa ya elimu basi kila alitamkalo ni elimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Profesa alikuwa akichunguza kupe waenezao ndigana kali, na kazi hiyo ilimpeleka mashambani, ambako aliona ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho na mito iliyobeba udongo wa mashamba kila mvua iliponyesha, akayakinika kwamba mifugo ilikabiliwa na hatari kubwa kuliko kupe. Kisha, katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, akasikia habari iliyomshangaza, kwamba watoto wa Mkoa wa Kati, uliohesabiwa kuwa wa neema, walikuwa wakiugua utapiamlo. Sababu haikuwa siri kwa mwenye macho: ardhi iliyolisha watu ilikuwa imepewa majani chai na kahawa, misitu ilikuwa imefyekwa, na mama asiyekuwa na kuni hawezi kukaa saa nyingi akichemsha mahindi makavu na maharagwe, hata akiwa nayo, bali hugeukia kile kiivacho upesi. Jambo hili halijatutoka. Mtazame leo mama wa Tetu akitoka katika kituo cha kununulia majani, kikapu kitupu mgongoni na vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, akiingia dukani kununua mkate mweupe na sukari, naye shambani kwake hana hata tuta moja la viazi vitamu.

Hapo ndipo siasa ilipozaliwa katika elimu yake, wala si kwa tamaa ya cheo. Mwenye kuuliza kwa nini mtoto amedhoofu hulazimika kuuliza kuhusu kuni, na mwenye kuuliza kuhusu kuni hufika kwa yule aliyetoa kibali cha kukata msitu. Mwaka 1977 akaanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani, na mwaka 1989 akapinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Wabunge, badala ya kuijibu hoja, wakataja talaka yake. Nalo jengo halikujengwa.

Hayo ndiyo niyaitayo hotuba yake ya kwanza; sasa nije katika ya pili, ambayo wengi wetu hupenda kuifunika kwa heshima ya marehemu. Mwishoni mwa Agosti 2004, akiwa mbunge wa Tetu na naibu waziri wa mazingira, alizungumza katika warsha hapa hapa Nyeri, na gazeti moja la Nairobi likaripoti kwamba alisema UKIMWI si laana ya Mungu, bali ni silaha iliyoundwa na wanasayansi waovu. Tarehe 8 Oktoba ikatangazwa kuwa amepata Tuzo ya Amani ya Nobel, akapanda mti uitwao Nandi flame katika Hoteli ya Outspan akiuelekea Mlima Kenya, na ulimwengu uliokuja kumpongeza ukamwuliza pia kuhusu maneno yale. Majibu yake ya mwanzo yalikuwa ya kuyumbayumba. Desemba, kabla ya kupokea tuzo, akatoa taarifa bayana kwamba haamini wala hasemi kuwa virusi viliundwa na watu weupe ili kuwaangamiza Waafrika.

Nusu ya kwanza ya hotuba ile, kama ilivyoripotiwa, ilikuwa ya haki na ya huruma, maana waliokuwa wakiitwa waliolaaniwa walikuwa wakifichwa vyumbani na jamaa zao. Nusu ya pili haikuwa na msingi. Virusi vile vilitoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni, vikaingia kwa binadamu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na damu iliyochukuliwa mwaka 1959 katika mji uitwao leo Kinshasa imekutwa navyo, wakati ambapo hapakuwa na maabara yoyote duniani yenye ujuzi wa kuviunda. Najua kwa nini maneno yale yalipata masikio Nyeri: wazee wetu waliofungiwa katika vijiji vya hali ya hatari katika miaka ya 1950 hawakuhitaji kufundishwa kwamba mzungu mwenye madaraka aweza kudhuru. Shaka hiyo ina asili ya kweli, lakini shaka si burhani.

Wala tusidhani kosa ni la mtu mmoja peke yake. Mwaka 1990 ilikuwa Serikali yenyewe iliyoitangazia dunia dawa ya Kemron, kutoka taasisi yetu ya utafiti wa tiba, kuwa ushindi juu ya UKIMWI, na majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake.

Kwa insafu, basi, Profesa alikuwa na haki ya kusema yote mawili, na sisi tulikuwa na wajibu wa kuyapokea kwa namna mbili. Habari ya kuni na watoto aliichunguza yeye na wenzake, na kila aliyetaka aliweza kwenda kuitazama. Habari ya virusi aliipokea kama sokoni ipokewavyo. Basi, ndugu zangu wa Othaya, Mukurweini na Naro Moru, atakayekuja kwenu na daraja ya chuo kikuu mbele ya jina lake, akawaeleza chanzo cha maradhi au dawa yake, mpeni kiti, mpeni na chai, kisha mwulizeni ameyaona wapi.