Usigonge ukuta, shuka risepsheni

Ukitaja hoteli, kuna watu wanaona bwawa la kuogelea na mtu aliyevaa gauni jeupe la kuogea akinywa juisi ya embe. Wengi wetu tunaolala hotelini hatuko huko. Tuko kwenye zile lojing'i za thao moja, ukijikaza sana elfu mbili, karibu na steji. Tumekuja mjini kwa sababu. Kuna wa intavyuu saa mbili asubuhi, kuna wa pasipoti Nyayo House, kuna aliyemleta mama kliniki Kenyatta, kuna aliyeitwa na ajenti wa kazi za Ghuba. Wengine, kama mimi, tumekuja kupiga picha harusi za watu. Tunalala hapo kwa sababu hatuna shangazi mjini, au tunaye lakini anaishi chumba kimoja na watoto wanne.

Leo naongea na hao. Kelele za chumba jirani zinamuumiza wa thao moja kuliko mwenye gauni jeupe, na bado ni yeye anayeambiwa avumilie. Mwenye gauni akilala vibaya atalala mchana kando ya bwawa. Wewe ukilala vibaya unaingia kwa intavyuu macho mekundu kama uliyetoka rave, halafu unaulizwa unajiona wapi baada ya miaka mitano. Unajiona kitandani, manze.

Msimamo wangu ni huu: ugomvi wako usiwe na jirani. Uwe na aliyekuuzia chumba.

Fikiria ulichonunua. Toa taulo lenye tundu, toa kile kisabuni kinachoisha kabla hujafika magotini, toa TV yenye chaneli tatu. Kinachobaki ni saa nane za giza na utulivu nyuma ya mlango unaofungwa. Hiyo ndiyo bidhaa. Ukinunua soda ukapata chupa haina kitu, humlaumu mteja mwenzako aliyesimama kwa foleni. Unarudi kaunta. Lakini kwa usingizi tunafanya kinyume. Tunagonga ukuta, tunatukana kimoyomoyo, tunaweka mto juu ya kichwa, asubuhi tunarudisha ufunguo na kusema "asante, nimelala poa".

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukue kama wakili, ila kusoma sheria hakuhitaji kofia ya mahafali. Katiba yetu, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Haijasema ubora huo unaanzia kwa chumba cha elfu kumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inarudia jambo hilo kwa upande wa huduma. Kisha kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA. Humo usiku unaanza saa mbili na dakika moja na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Kiwango cha usiku katika maeneo ya makazi ni desibeli 35, na hata maeneo ya biashara usiku yamewekewa hiyo hiyo 35. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza 30 ndani ya chumba cha kulala. Sasa linganisha: watu wawili wakipiga stori ya kawaida wanafika kama 60. Kwa hivyo mtu akikuambia "lakini hata hawajaweka muziki", mjue hajui anachosema.

Na si kwamba wewe ni mtu wa kulalamika ovyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichunguza bongo za watu wakilala mahali pageni. Waligundua kwamba usiku wa kwanza upande mmoja wa ubongo haulali sawasawa kama mwenzake. Unabaki macho kidogo kama soja, ukisikiliza sauti zisizo za kawaida. Yaani ile siku umelala Nakuru kwa mara ya kwanza, mwili wako tayari una mlinzi aliyekaa mlangoni. Jirani akiburuta kiti, mlinzi anaamka. Ukiwa kwako Pipeline unalala na jenereta, mbwa, na mtoto wa jirani anayelia, kwa sababu ubongo umeshazoea hao ni watu wa kwenu.

Ongeza ujenzi. Lojing'i nyingi za mjini zilikuwa kumbi au ofisi, mtu akagawa kwa mbao au bodi za jipsamu akapata vyumba kumi na viwili pale palipokuwa na vinne. Ukuta ukiubisha unalia kama ngoma. Sakafu ni vigae mwanzo mwisho, hakuna zulia la kumeza sauti, na chini ya mlango kuna nafasi paka anaweza kupita. Besi ya spika ndiyo mbaya zaidi, maana haipiti hewani tu, inapanda na jengo lenyewe. Vizibo vya masikio vitakusaidia na mazungumzo, lakini besi utaisikia kifuani.

Hapa kuna jambo linaniudhi. Mwishoni mwa 2022, baada ya malalamiko mengi ya wakazi, Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba klabu za usiku hazitapewa leseni kwenye mitaa ya makazi. Zikahimizwa zifanye kazi katikati ya jiji. Niliwaelewa wakazi, na walikuwa na haki. Lakini katikati ya jiji nako watu hulala. Tena ndiko vyumba vya bei ya chini viliko, juu ya zile klabu, juu ya steji za mabasi ya usiku. Mkazi wa Kilimani ana chama cha wakazi na wakili. Mgeni wa usiku mmoja hana chama. Kesho yuko kwenye basi la Kitale.

Ndiyo maana namuangalia mwenye hoteli kwanza. Yeye ndiye anayejua chini kuna klabu, na Jumamosi kuna karaoke. Anajua wale waliochukua vyumba sita vya mwisho wa korido ni timu ya semina iliyoshuka na spika na kreti mbili. Anajua, na anakuuzia kile chumba kilichobaki katikati bila kukuambia.

Mwaka jana hilo lilinikuta katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Nilikuwa na harusi ya kupiga asubuhi, bibi harusi anaanza kupambwa saa kumi na moja. Saa saba usiku watu wa semina walikuwa wamehamia korido, wanasimuliana hadithi za bosi wao, wanacheka mpaka kuta zinatikisika. Nilishuka. Dada wa risepsheni alikuwa amejifunika leso, na nadhani umri wetu ni mmoja.

"Dadangu, watu wa juu hawajalala na mimi nina kazi alfajiri."

"Bro, vumilia tu kidogo. Hao ni wateja wazuri, wamechukua vyumba sita."

Hesabu ndiyo hiyo, na angalau alikuwa mkweli. Sita wanashinda mmoja. Sikumpigia kelele, maana hiyo hesabu si yake, ni ya mtu aliyelala nyumbani kwake kwenye utulivu. Nilimwomba kitu kimoja: aandike kwenye kitabu cha zamu kwamba saa saba na robo chumba 14 kimelalamika, na aandike alichonijibu. Aliniangalia. Kalamu ikakaa hewani. Kisha akamwita soja, mzee mmoja wa koti refu, akapanda polepole, nikamsikia kwa ngazi akisema, "Wazee wangu, kuna kijana ana safari mapema, tafadhalini." Dakika kumi, kimya. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alinisalimia asubuhi akanisukumia chapati. Hakuna aliyekuwa amewaambia kuna mtu amelala.

Kile kitabu ndicho ninachowaambia vijana wenzangu wakumbuke. Maneno ya saa saba usiku yanaisha saa saba usiku. Kilichoandikwa meneja anakisoma asubuhi, na ukidai punguzo una pa kunyoshea kidole. Mimi nilirudishiwa mia tano kwa M-Pesa, na niliomba kwa adabu tu. Hakuna kitabu? Tuma meseji kwa ile namba uliyolipia au kwa WhatsApp ya hoteli, ili saa ibaki. Kama kuna chumba kingine, omba uhamishwe usiku huo huo. Kuhamia chumba kibaya kidogo lakini kimya ni biashara nzuri kuliko kubaki kwenye kizuri ukihesabu vigae. Uingereza kuna hoteli za bei ya kawaida, Premier Inn, zimejijengea jina kwa ahadi ya kumrudishia pesa mgeni ambaye hakulala vizuri. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Wamejua wanauza nini.

Bora zaidi, uliza kabla pesa haijatoka kwenye simu. Chini yenu kuna nini? Leo kuna mechi? Ligi ya Mabingwa Ulaya kwetu huanza saa nne au saa tano usiku, kwa hivyo kama kuna baa yenye skrini chini yako, kabla ya saa saba usitegemee kitu. Kuna kikundi kimelala hapa leo? Omba chumba cha nyuma, mbali na ngazi, ghorofa ya juu kama magoti yanaruhusu. Ingia, funga mlango, nyamaza dakika moja usikilize. Halafu ndiyo ulipe. Watakuona unajifanya. Wacha wakuone.

Kugonga mlango wa jirani mwenyewe siwezi kukushauri. Hujui aliye nyuma ya mlango amekunywa nini, wako wangapi, au wamekosania nini kabla hujafika. Kama wewe ni dada unasafiri peke yako, ndiyo kabisa: ukigonga umemwonyesha mtu mlevi kwamba uko hapo na chumba chako ni kipi. Tumia simu ya risepsheni. Wanalipwa, hata kama ni kidogo, kufanya hiyo kazi.

Nikiri pia kuna kelele hazina kesi. Ukienda Vasha wikendi ya Safari Rally, umelipa bei mara tatu, kisha Ijumaa usiku unashuka na uso wa mwalimu wa zamu kusema watu wapunguze muziki, hapo mimi sikujui. Mtwapa vilevile, kule usiku ndio mchana wao. Mtoto mchanga akilia, mwache mama yake, yeye hajalala kuliko wewe. Na wapenzi wa chumba cha pili, aisee, hao wape nusu saa. Mara nyingi haifiki.

Lakini kuna sauti nyingine, na hii sitaki kuifanyia mzaha. Tumezoea sana kusema "hayo ni mambo ya watu" tukisikia vurugu chumba cha pili. Hotelini ndiyo zaidi, kwa sababu hakuna anayemjua mwenzake na kila mtu alikuja na siri yake. Mwanamke analia, kitu kinavunjika, mlango unapigwa kutoka ndani, na sisi tunaongeza sauti ya simu. Januari 2024 wanawake walijaza barabara za Nairobi na miji mingine wakiandamana dhidi ya mauaji ya wanawake. Baadhi ya waliouawa mwezi huo walikutwa ndani ya vyumba vya kukodi kwa siku chache. Vyumba vya aina hiyo vina kuta, na ng'ambo ya ukuta mara nyingi kuna mtu.

Sijui kama kuna aliyesikia. Ninachojua ni kwamba mtu aliyefundishwa kuvumilia spika atavumilia na mayowe, kwa sababu sehemu ile ile ya mdomo ndiyo imefungwa. Anayeona aibu kusema "nimeshindwa kulala" atapata wapi nguvu ya kusema "chumba cha pili kuna mtu anapigwa"?

Ikifika hapo usisubiri kitabu wala usijali umemkosea nani. Piga risepsheni, na wasipopanda mara moja piga 999 au 112. Namba 1195 ni ya kitaifa kwa visa vya ukatili wa kijinsia, na kuipiga ni bure. Kwa hivyo ukishapewa ufunguo, kabla hujatoa viatu, hakikisha unajua jina la jengo, liko barabara gani, uko ghorofa ya ngapi na chumba namba ngapi. Lojing'i nyingi hazina hata bango linaloonekana usiku, na polisi watakuuliza hayo kwanza.