Kitochi cha leza si cha kuchezea

Vitochi vya leza ni vidogo kama kalamu, na watoto huvipenda. Lakini vina hatari.

Mwezi Februari 2016, ndege iliyoruka kutoka London kwenda New York ikiwa na abiria 252 ilirudi ilikotoka, kwa sababu rubani mmoja alijisikia vibaya baada ya kumulikwa na leza.

Usiku mboni ya jicho hupanuka ili ipate kuona gizani. Mwanga wa leza nao hutanuka kadiri uendavyo mbali. Ufikapo kwenye kioo cha ndege hutawanyika mbele ya rubani. Kwa sekunde kadhaa huenda asione vipimo wala njia ya kutua. Ndiyo maana Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2018, mkosaji aweza kufungwa hadi miaka 5.

Kwa karibu, leza yenye nguvu huunguza jicho kwa ndani, na jeraha hilo laweza kuwa la kudumu.

Mama, kagua mifuko ya watoto leo. Ukikikuta, usimpige mtoto. Mweleze kwamba ndani ya ndege ile yumo mama wa mwenzake, anarudi nyumbani.