Kompyuta Inayojizima: Tuache Kubahatisha



Leo naomba tuongelee jambo ambalo liko mabwenini mwetu ila hatulisemi. Wengi wetu hapa Uingereza, hasa wa uhandisi na usanifu majengo, tunaunga kompyuta wenyewe. Tunanunua kipande kimoja kimoja kwa sababu ni nafuu, na ni jambo zuri. Balaa linakuja siku mashine inapoanza kujizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi.

Yalinikuta muhula uliopita. Zimebaki wiki tatu nikabidhi tasnifu, mara skrini giza, mashine inaanza upya. Hakuna onyo wala ujumbe. Nikasema ni virusi, nikapiga Windows upya usiku kucha. Kesho yake vilevile. Mtu akaniambia ni ramu, nikanunua ramu mpya. Vilevile! Na hela ile ya ramu ilikuwa ada ya mdogo wangu kule Tanga. Nikamdanganya mama kwamba benki ina matatizo. Jamani, hilo linaniuma mpaka leo kuliko mashine yenyewe.

Hoja yangu ni hii: kilichonila hela siyo ubovu wa mashine, ni kubahatisha na kuona aibu kuuliza. Eti mtu wa uhandisi atauliza vipi kwa nini kompyuta aliyoiunga mwenyewe inajizima? Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Nilipozidiwa nikamwendea kijana mmoja wa Mombasa. Hakushika hata bisibisi. Aliuliza tu, "Ndugu yangu, hujizima ukifanya nini?" Nikajibu, saa yoyote tu. "Hapana. Andika kila ikijizima." Nikaandika siku mbili. Kumbe haikuwa saa yoyote! Nikichapa maneno inatulia. Nikianza kutengeneza picha za michoro, yaani prosesa na kadi ya grafiki zikivuta umeme mwingi kwa pamoja, inakata.

Toka hapo tulikwenda hatua kwa hatua, bila kugusa mambo mawili kwa mpigo. Kwanza tuliondoa ule mpangilio wa Windows kujiwasha upya baada ya hitilafu, ili kama ipo skrini ya buluu tuione. Haikuonekana. Kwenye orodha ya matukio kulikuwa na Kernel-Power namba 41 tu, ambayo husema kompyuta ilizimika bila utaratibu, haisemi kwa nini. Pili, joto. Prosesa nyingi hujilinda zikikaribia nyuzijoto 100. Yangu ilikuwa 70. Tatu, ramu. Tuliirudisha kwenye kasi yake ya kawaida, tukaacha MemTest86 ikaipime usiku mzima. Haikukuta kosa hata moja.

Ikabaki pawasaplai. Akaniazima yake pamoja na waya zake. (Waya za pawasaplai moja usichomeke kwenye nyingine hata kama zinaingia, utaunguza vitu. Wala usiifungue, humo ndani umeme hubaki hata baada ya kuchomoa.) Siku tatu, mashine haikujizima tena.

Na pawasaplai ile mbovu niliichagua mwenyewe, ili niokoe pauni 25! Ndivyo tulivyo. Tunatoa mamia kwa prosesa na kadi, halafu kile kinacholisha vyote tunatafuta cha bei ya chini. Nembo ya 80 Plus nayo, iliyoanza mwaka 2004, hupima ni kiasi gani cha umeme hakipotei bure. Siyo cheti cha uimara. Rahisi ni ghali, ndugu zangu.

Kuna jingine. Sheria ya haki za wateja ya hapa Uingereza ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu kibovu ulichonunua dukani na kupewa hela zako zote. Ubovu ukijitokeza ndani ya miezi 6, ni juu ya muuzaji kuthibitisha kwamba kilikuwa kizima ulipokipokea. Yangu nilibadilishiwa mwezi wa tano. Ningeficha wiki chache zaidi, mzigo wa kuthibitisha ungenigeukia mimi.

Wapo watakaosema tununue laptopu tu yaishe. Sikubaliani nao. Kuunga mashine ni ujuzi wa kurudi nao nyumbani, ila haujakamilika mpaka ujue kutafuta ubovu.

Kwa hiyo napendekeza chama chetu kinunue pawasaplai moja ya uhakika na flashi moja yenye MemTest86, vikae kwa katibu, tuwe tunaazimana. Gharama yake haifiki ramu niliyonunua bure. Na wewe ambaye yako inajizima sasa hivi, hifadhi kazi yako nje ya mashine leo, kisha njoo uulize. Hakuna atakayekucheka.

Mdogo wangu alichelewa shule wiki mbili. Asichelewe wa mwingine. Naomba kutoa hoja.