Mwezeshaji wa Kujitegemea Anamtegemea Nani?



Hapa Evere, manispaa ya Brussels iliyo jirani na makao makuu ya NATO, baadhi yetu tuliokuja Ulaya kusomea uhandisi, uhasibu au ualimu tumejikuta katika kazi moja: uwezeshaji wa kujitegemea. Mashirika ya misaada, manispaa na mifuko ya hisani hutukodi siku mbili tatu tuongoze warsha. Tunabeba kalamu za rangi, tunawauliza watu shida zao, tunaandika ripoti, tunatuma ankara. Kazi ni halali na inalisha watoto. Lakini tuseme kweli: katika jina hilo, neno "kujitegemea" ni la uongo.

Sheria ya Ubelgiji inatuhesabu kuwa watu waliojiajiri. Kila robo mwaka tunadaiwa mchango wa hifadhi ya jamii, ambao kwa wengi wetu ni asilimia 20.5 ya kipato, na makadirio yake ya awali hufuata kipato cha miaka mitatu nyuma. Ukiugua siku tatu, hakuna wa kukulipa. Mtu wa namna hiyo atamwambiaje mteja kwamba warsha yake ni maigizo? Mkono usioweza kuukata, waubusu.

Yametukuta sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita shirika moja, ambalo hatutalitaja, lilitupa kazi ya kuwasikiliza akina mama wa Afrika Mashariki na Kongo wanaosafisha maofisi kabla hakujapambazuka. Usiku wa kuamkia warsha tukaletewa rasimu ya ripoti. Mapendekezo yalikwisha andikwa: madarasa ya Kifaransa. Zilikosekana nukuu tu. Kesho yake akina mama wakazungumzia basi la alfajiri, na wengi wao Kifaransa walikijua kutushinda. Mama mmoja wa Bukavu akatuuliza, "Wanangu, haya tunayosema yatabadili nini?" Tukamjibu kwa maneno ya warsha. Kisha tukatuma ankara, tukalipwa. Aibu hiyo si ya shirika peke yake. Ni yetu pia.

Mhandisi akisaini hesabu za daraja kwa kumridhisha mwenye fedha, na daraja likaanguka, atashtakiwa. Mwezeshaji akisaini ripoti ya uongo, mwakani huitwa tena.

Wako watakaosema ndivyo kazi ilivyo. Sivyo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wazima kama milioni 2 wakakaa pamoja kusikiliza redio na kujadili maradhi ya kwao, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Mada ilitoka serikalini, hilo hatulifichi. Lakini kiongozi wa kikundi alikuwa mwanakijiji. Akiwadanganya wenzake, kesho atakutana nao kisimani. Sisi warsha ikiisha tunapanda treni.

Mtatuambia pia kwamba huu si wakati wa kuchagua kazi. Ni kweli, USAID ilifungwa Julai 2025, na serikali ya Ubelgiji iliyoingia Februari mwaka huohuo iliafikiana kupunguza bajeti ya misaada kwa robo. Sisi tunasema ndiyo hasa wakati wake. Fedha zikiwa chache, kwa nini zinunue majibu ambayo mnunuzi anayo tayari mfukoni?

Basi tunapendekeza wawezeshaji wenzetu tuweke masharti mamoja. Kwanza, mteja aandike kabla ya warsha ni jambo gani bado linaweza kubadilika. Kama halipo, asiite watu. Pili, ripoti irudi kwanza kwa waliosema, kwa lugha waliyosemea, ndipo iende kwa mlipaji. Tatu, nusu ya malipo itangulie, ili ukweli usitunyime chakula. Mmoja wetu akikataa kazi peke yake, atachukua mwingine. Tukikataa wote, mteja atasoma masharti.

Mficha uchi hazai. Yule mama wa Bukavu tulimnyima jibu, na leo tunampa: siku ile, mama, maneno yenu yasingebadili kitu, nasi tulijua.

Mwenye hoja ya kutupinga na aandike. Tutamsoma.